Namna ya Kushiriki Safari ya Pikipiki Jangwani ili Kuchangia Afya ya Akili

Uganda haina jangwa. Mwendeshaji wa Kampala, Gulu au Mbarara anapaswa kulikubali jambo hilo kabla hajamwomba mtu yeyote shilingi moja, kwa sababu ustadi wetu umezaliwa kwenye tope, kwenye utelezi wa udongo mwekundu na katikati ya teksi za abiria, na sehemu kubwa ya ustadi huo haina kazi pale tairi la mbele linapozama mchangani. Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, ni eneo kavu, lenye mito ambayo kwa miezi mingi ni mchanga mtupu, lakini hata Karamoja hupata mvua ya kuotesha mtama. Anayetaka jangwa lenyewe itamlazimu avuke mpaka, na anayetaka kulitumia jangwa hilo kuchangisha fedha za afya ya akili anajitwika mizigo miwili kwa pamoja, wa safari na wa kutunza amana ya fedha za watu. Huu wa pili ndio uliowashinda wengi niliowaona, wakiwamo waendeshaji hodari.

Kuchagua safari

Wengi wakisikia habari za pikipiki jangwani hufikiria Dakar. Mashindano hayo yalianzishwa na Mfaransa Thierry Sabine, na msafara wa kwanza uliondoka Paris tarehe 26 Desemba 1978 kuelekea mji mkuu wa Senegal. Mwaka 2009 yalihamia Amerika ya Kusini kwa sababu za usalama, na tangu 2020 hufanyika Saudi Arabia kila Januari, yakiwa bado na jina la mji ambao hayaufiki tena. Ada yake ya kujiandikisha huhesabiwa kwa maelfu ya euro, na mgeni hutakiwa awe amekwisha kumaliza mashindano mengine ya aina hiyo. Kuna pia safari za kiwango cha kati nchini Moroko, hasa pande za Merzouga penye matuta makubwa ya Erg Chebbi, ambako pikipiki hukodishwa na mtu huhitaji kwenda na mavazi yake tu. Hata hivyo, tiketi ya ndege na kodi ya pikipiki kwa wiki moja vinaweza kuzidi fedha zote atakazochangisha, na mchangiaji mwenye akili timamu ataliona hilo mapema.

Ushauri wangu kwa anayeanza ni Chalbi, katika kaunti ya Marsabit, kaskazini mwa Kenya. Chalbi ni sakafu ya ziwa la kale, tambarare yenye chumvi na vumbi laini, iliyozungukwa na mawe meusi ya volkano na mchanga wa kutosha kumnyenyekeza yeyote. Unaweza kutoka nyumbani kwako ukiwa juu ya pikipiki yako mwenyewe, ukavuka Malaba au Busia, ukapita Eldoret hadi Maralal, kisha Baragoi, South Horr na Loiyangalani kando ya Ziwa Turkana, na hatimaye North Horr na Kalacha. Sehemu za Baragoi zina historia ndefu ya wizi wa mifugo wa kutumia silaha, kwa hiyo ulizieni hali ya njia katika kila kituo cha polisi, na msiendeshe usiku. Kiswahili, ambacho wananchi wengi wa Uganda bado wanakiona kuwa lugha ya kambi za jeshi ijapokuwa Baraza la Mawaziri lilikiidhinisha kuwa lugha rasmi mwezi Julai 2022, ndicho kitakachowapatia maji, petroli na ukweli kuhusu barabara.

Chagueni pia majira kwa uangalifu. Mvua za masika, kuanzia Machi hadi Mei, na za vuli, kuanzia Oktoba, huweza kuigeuza Chalbi kuwa ziwa la tope lisilopitika. Waandaaji wengi huvutiwa na tarehe 10 Oktoba, ambayo ni Siku ya Afya ya Akili Duniani, wakitamani kuwa jangwani siku hiyo. Ni afadhali kuendesha Agosti au Septemba, na tarehe 10 Oktoba iwe siku ya kukabidhi fedha.

Ikiwa safari yenu ina saa ya kupima na mshindi wa kutangazwa, hayo ni mashindano, na mnapaswa kuzungumza kwanza na shirikisho la michezo ya magari na pikipiki la Uganda, yaani FMU. Ikiwa ni safari ya pamoja isiyo na mshindi, zinatosha karatasi za kawaida: kitambulisho cha taifa au pasipoti, leseni ya daraja A, kadi ya umiliki wa pikipiki, kibali cha forodha cha kuiingiza Kenya kwa muda, bima ya kuvuka mpaka iitwayo Kadi ya Njano ya COMESA, na cheti cha chanjo ya homa ya manjano.

Mifuko miwili isiyokutana

Gharama za safari ziwe na mfuko wake, na michango iwe na mfuko wake, na mifuko hiyo isikutane hata kwa saa moja. Mtu anayetuma shilingi 20,000 kwa ajili ya wagonjwa hajakutuma ukanunue tairi. Wapo watakaopenda kugharamia safari yenyewe, kama vile mwajiri, mwenye duka la spea au mjomba aliyeendesha pikipiki ujanani. Hao wapewe namba tofauti na waambiwe waziwazi wanalipia nini.

Nayasema haya kwa sababu niliwahi kutunza hazina ya safari ndogo ya waendeshaji tisa kwenda Moroto, na fedha zote zilipita kwenye simu yangu. Hakuna aliyeiba. Lakini siku ya tatu klachi ya mwenzetu iliungua, tukakopa shilingi 180,000 kutoka kwenye michango kwa nia ya kuzirudisha Jumatatu, na Jumatatu hiyo ikachukua miezi miwili kufika. Mwishowe nilizilipa mwenyewe, na bado kuna shangazi mmoja ambaye kila nikimwomba mchango huniuliza kwanza habari za klachi.

Njia iliyo salama ni kwamba fedha zisiguse simu ya mwendeshaji kabisa. Zungumzeni na taasisi mliyoichagua ili wachangiaji walipe moja kwa moja kwenye akaunti yake ya benki au namba yake ya malipo ya MTN au Airtel, na kila ujumbe wa malipo uwe na jina la safari yenu ili hesabu ijulikane. Mpango huo pia huokoa fedha, kwa kuwa kila zinapotolewa kwa wakala hutozwa kodi ya asilimia 0.5 juu ya ada ya kampuni.

Kuhusu taasisi ya kuchangia, jina linalokuja haraka ni Butabika, hospitali ya rufaa ya taifa ya magonjwa ya akili iliyofunguliwa Kampala mwaka 1955. Ni chaguo jema, lakini ni hospitali ya serikali, na haiendi mtu pale na bahasha. Andikeni barua kwa uongozi, ulizeni wanachohitaji kwa kweli, kisha mkubaliane kwa maandishi kama mtatoa fedha au vifaa, na nani atatia sahihi kupokea. Msizisahau hospitali za rufaa za mikoa, ambazo vitengo vyake vya akili huwahudumia watu wasioweza kumudu nauli ya kufika Kampala. Safari inayopita Mbale ingekuwa na mantiki zaidi ikiichangia Mbale.

Njia nyingine ni tiba ya mazungumzo ya vikundi, ambayo Uganda ina haki ya kujivunia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulifanyika katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai, ukawakusanya watu wenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni kubwa, katika vikundi vilivyoongozwa na wenyeji waliopewa mafunzo mafupi, na dalili zao zikapungua sana kuliko za wale ambao hawakupata vikundi hivyo. Shirika la StrongMinds limeutumia utaratibu wa aina hiyo nchini tangu miaka ya 2010. Kwa safari ndogo itakayopata milioni chache, huduma isiyohitaji majengo wala mashine hupokea mchango mdogo bila kuumeza.

Kuomba kwenyewe hakuhitaji uvumbuzi, kwa sababu nchi hii inajua kuchanga. Mtu aliyekaa katika mkutano wa harusi anajua kadi ya ahadi, na aliyefiwa Buganda anajua mabugo, yaani michango ya msiba. Mbio za Siku ya Kuzaliwa ya Kabaka na mbio za Rotary za saratani zimewazoesha watu kununua fulana kwa ajili ya jambo jema, na fulana yenu itauzika kwa msingi huohuo. Ahadi ya kila kilomita nayo huwavutia wengi: kwa safari ya kilomita 2,000, anayeahidi shilingi 50 kwa kilomita anajua kwamba deni lake ni shilingi 100,000. Lakini ahadi hiyo ifungwe kwenye kilomita zilizopangwa, wala si kwenye zilizokamilishwa. Mwendeshaji aliyechoka, mwenye kifundo cha mguu kilichovimba, asiwe anahesabu kichwani ni kiasi gani wagonjwa watakosa endapo atapakia pikipiki yake kwenye lori.

Namna ya kuuzungumzia ugonjwa

Mjini Kampala jina la Butabika ni tusi. Husemwa kwa mzaha mtu anapoendesha vibaya au anapovaa vibaya. Atakayeandika matangazo yenu ajue kwamba anaandikia watu waliolisema tusi hilo, na huenda pia wana ndugu aliyelazwa pale. Epukeni neno kichaa, epukeni picha za wagonjwa, hata waliokubali kupigwa wakiwa wodini, kwa maana aliyekubali akiwa mgonjwa anaweza kujuta akipona.

Epukeni pia kulifanya jangwa kuwa mfano wa sonona. Kila mwandaaji hushawishika kuandika kwamba mgonjwa ni kama mwendeshaji peke yake mchangani, na kwamba kwa ujasiri atavuka. Mwendeshaji ameichagua safari yake, ana siku ya kurudi, na hupigiwa makofi. Mgonjwa hana hata kimoja cha hivyo. Anayesoma kwamba ujasiri ndio unaovusha atajiona mwoga kwa sababu amelala kitandani siku ya nne. Semeni kwamba ni ugonjwa, una matibabu, na matibabu yana gharama. Katika utafiti ule wa Masaka na Rakai, wanakijiji walikuwa na maneno yao ya Kiganda ya kuchukia nafsi na kujihurumia, okwekyawa na okwekubagiza, na maneno kama hayo hueleweka kuliko istilahi yoyote ya kitabuni.

Pikipiki

Uzito ndio adui wa kwanza. Pikipiki utakayoshindwa kuinyanyua peke yako mara kumi juani si ya jangwani, hata kama imeandikwa hivyo ubavuni. Yamaha AG 100, Yamaha DT 125 na Honda XL 125, ambazo maafisa wa kilimo na wa afya wamekuwa wakizipeleka vijijini kwa miaka mingi, ni nyepesi, na mafundi wanazijua. Boxer ya bodaboda inaweza kufika, lakini shokamzoba zake ni fupi na matairi yake ni membamba ya lami. Anayeitumia aweke matairi yenye meno na akubali mwendo wa pole.

Chujio la hewa litakuhitaji kila jioni. Kwa chujio la sponji, beba mawili ya ziada yaliyokwisha kuoshwa na kutiwa oili, yakiwa ndani ya mfuko wa plastiki, ubadilishe bila kuosha kitu gizani. Cheni, kinyume cha mazoea yetu ya msimu wa mvua, isipakwe oili nzito mchangani, kwa kuwa oili hukusanya mchanga na kuugeuza kuwa tupa inayokula spoketi. Beba tyubu mbili, viraka na solusheni, pampu, plagi, waya wa klachi, kiungo cha cheni, spana zinazolingana na nati zako, na petroli zaidi ya hesabu yako, kwa sababu mchanga hunywa mafuta kuliko lami.

Upepo wa tairi hupunguzwa hadi pauni 12 au 15 kwenye mchanga ili tairi lilale na kupanuka. Fundi afunge kwanza vishikizo vya kulibana tairi kwenye rimu, la sivyo tairi litateleza na kuzunguka peke yake, tyubu ikakatika kwenye valvu. Mkirudi kwenye mawe, upepo urudishwe.

Mchanga wenyewe

Mazoezi yanaweza kufanyika Karamoja, katika mito mikavu ya pande za Moroto, kwa siku tatu au nne mfululizo miezi miwili kabla ya safari. Msikae wala kulala ndani ya mto huo, kwani mvua iliyonyesha milimani hushuka kwa ghafla wakati anga lililo juu yenu ni jeupe.

Simama juu ya vikanyagio, magoti yakilibana tangi, uzito ukiwa nyuma kidogo, na mikono ikiwa milegevu. Usukani utacheza kushoto na kulia, uache ucheze. Kosa la kila mtu aliyetoka kwenye lami ni kuogopa mchezo huo na kukata resi, na papo hapo uzito wote huangukia tairi la mbele, likazama, na mwendeshaji akaruka juu ya usukani. Jibu ni kuongeza resi kidogo, jambo ambalo mwili hukataa kabisa mpaka uwe umeanguka mara kadhaa. Mimi nilianguka mara saba katika asubuhi ya kwanza, zote kwa kosa hilohilo. Breki ya mbele isahauliwe; mwendo hupunguzwa kwa resi polepole na breki ya nyuma. Macho yatazame mbali, kwa kuwa pikipiki hufuata macho, na anayelitazama jiwe hulifikia.

Matuta ya mchanga yana pande mbili. Ule unaopigwa na upepo una mteremko wa taratibu na mchanga ulioshikana; ule wa nyuma ni laini na mkali, hadi karibu nyuzi 34. Panda kwa mwendo ulioupata ukiwa chini, kisha ulegeze resi kabla ya kilele, ili ufike juu ukiwa karibu kusimama na uone kilichopo ng'ambo. Wengi wameumia kwa kuruka kilele wakidhani ng'ambo kuna mteremko kama ule walioupanda. Asubuhi na mapema mchanga ni mgumu kidogo na vivuli huonyesha mashimo; saa sita mchana kila kitu huwa rangi moja, na huo ni wakati mzuri wa kukaa chini ya mti, kama upo.

Katika mashindano halisi utapewa kitabu cha njia, chenye umbali, mchoro mdogo wa kila njia panda na nyuzi za dira, pamoja na alama za mshangao zinazoonyesha hatari. Alama tatu maana yake ni punguza mwendo kabisa. Katika safari ya kujipangia, GPS mbili na ramani moja ya karatasi zinatosha, mradi kila mtu aijue njia.

Mwili na dawa

Beba lita tatu za maji mgongoni na nyingine kwenye pikipiki, na unywe kidogo kidogo kabla kiu haijaja. Maji matupu kwa siku nzima ya jasho hupunguza chumvi mwilini, kwa hiyo weka pakiti za ORS, yaani chumvi na sukari za kurudisha maji mwilini, au changanya lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Mwenzenu akianza kuzungumza mambo yasiyoeleweka, huku mwili wake ukiwaka moto, huyo amepigwa na joto na hali yake ni ya dharura: mvueni mavazi mazito, mumweke kivulini, mummwagie maji na kumpepea, wala msimnyweshe kitu akiwa hana fahamu. Kabla ya kuondoka, jisajilini katika huduma ya kubebwa kwa ndege. AMREF Flying Doctors, iliyoanza mwaka 1957 na yenye makao Nairobi, huuza usajili wa aina hiyo.

Jambo moja waandaaji wa safari za afya ya akili hulisahau, ingawa lingepaswa kuwa lao la kwanza. Miongoni mwa watakaojiandikisha watakuwapo watu wanaotumia dawa za akili, na hilo ni jema. Lakini dawa iitwayo lithiamu hupanda katika damu hadi kiwango cha sumu mtu anapopungukiwa na maji, na baadhi ya dawa za kutuliza saikosisi, yaani hali ya mtu kupotewa na uhalisia, hupunguza uwezo wa mwili kujipoza. Kila mshiriki azungumze na daktari wake wiki kadhaa kabla, asiache dawa kwa uamuzi wake ili aweze kwenda, na amweleze mwendeshaji mwenzake mmoja anayemwamini. Daktari akikataa, kuna kazi ya kuendesha gari la vifaa na kazi ya kutunza hesabu.

Kurudi

Pangeni kikao ndani ya wiki mbili baada ya kufika, waalikwe wachangiaji, mwakilishi wa taasisi iliyopokea, na wale waliogharamia safari. Karatasi ziwe mbili: ya benki, iliyotolewa na taasisi yenyewe, inayoonyesha kilichoingia, na ya gharama za safari, pamoja na risiti za petroli na za tairi lililopasuka Baragoi. Ahadi ambazo hazijalipwa zisomwe kwa idadi, bila majina. Yote hayo yasomwe kwa sauti kabla chakula hakijapakuliwa, kwa kuwa baada ya pilau hakuna anayesikiliza hesabu.